Uwanda wa Dodoma si ushahidi wa lithosfia ngumu

Mwaka 1985 Donald Forsyth alionyesha namna ya kupima uimara wa lithosfia (tabaka gumu la nje la dunia) ya mabara kwa kulinganisha sura ya nchi na anomali ya Bouguer, yaani tofauti ya mvutano inayobaki baada ya kuondoa athari ya milima na mabonde. Kwenye kratoni, yaani viini vya kale na tulivu vya mabara, njia hiyo ikatoa unene wa mnyumbuko (unene wa bamba ambalo lingepinda kwa ugumu uleule) wa kilomita 100 na zaidi. Mwaka 1997 Dan McKenzie na Derek Fairhead wakapinga: namba hizo ni kikomo cha juu tu, na thamani halisi za mabara hazizidi kilomita 25 hivi. Tangu hapo wengi huwachukulia kama watu wanaodai kratoni ni uji. Hoja yao hasa inahusu kipimo, na ukitaka kuielewa vizuri, tazama nchi kati ya Dodoma na Manyoni, kwenye kratoni ya Tanzania.

Kipimo chenyewe kinafanya kazi hivi. Mwinuko mpana ukikaa juu ya lithosfia dhaifu, huzama na kuota mzizi wa miamba myepesi, na anomali ya Bouguer hushuka pale nchi inapopanda. Lithosfia ikiwa imara hakuna mzizi, kwa hiyo anomali haifuati sura ya nchi. Mchambuzi hutafuta urefu wa wimbi ambapo koherensi ya hivyo viwili, yaani kiwango cha kwenda kwao pamoja, inaporomoka, kisha anaubadilisha kuwa unene.

Sasa, koherensi huporomoka pia kwa sababu nyingine kabisa. Granaiti ya hapa ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mmomonyoko umeisawazisha mpaka vikabaki vilima vya mawe vilivyotawanyika. Chukua eneo pana ambalo kilomita 5 za juu zimezidi msongamano wa jirani kwa gramu 0.1 tu kwa sentimita ya ujazo: hapo kuna anomali ya miligali 21 (miligali ni kizio cha mvutano). Mzizi kamili wa mwinuko wa mita 100 hutoa 11. Mzigo uliofukiwa, usio na kilima chochote juu yake, umeshafunika sauti ya mzizi, na hesabu ya Forsyth inausoma ukimya huo kama ugumu. Admitansi ya hewa huru, yaani uwiano wa mvutano na mwinuko pale ambapo athari ya milima haijaondolewa, haidanganyiki kirahisi hivyo, maana hutumia tu sehemu ya mvutano inayokwenda pamoja na sura ya nchi.

Kosa hilo si dogo. Ugumu wa kupinda hufuata kipeo cha tatu cha unene, kwa hiyo kutoka kilomita 25 hadi 100 ni mara 64. Kwa tofauti ya msongamano ya kilo 630 kwa mita ya ujazo kati ya ganda la dunia na manto (tabaka lililo chini yake), urefu wa wimbi unaotafutwa huruka kutoka kilomita 430 hadi 1,220 hivi. Lakini Kigoma hadi Ziwa Manyara ni kilomita 700 tu! Dirisha, yaani eneo linalochambuliwa kwa mara moja, linalotosha kupima unene wa kilomita 100 lazima limeze matawi yote mawili ya Bonde la Ufa, na dirisha linaloishia ndani ya kratoni halioni wimbi hilo.

Upande wa Forsyth una hoja nzito pia. Bonde la Ufa limeizunguka kratoni badala ya kuipasua katikati, na almasi za Mwadui zinahitaji lithosfia yenye mzizi baridi wa kina cha kilomita 150 hivi, tofauti na ule mzizi mwepesi wa mwinuko. Ila mzizi baridi kuwa mnene hakuthibitishi kwamba wote unabeba mzigo kwa mamilioni ya miaka. Kilicho kigumu zaidi kujibu ni kwamba kwenye uwanda tambarare koherensi ya hewa huru nayo huwa ndogo, hivyo admitansi inasimama juu ya ishara hafifu.

Data nazo zina mtego. EGM2008, modeli ya mvutano wa dunia nzima, pale ambapo vipimo vya wazi vilikosekana, ilijaza mawimbi mafupi kwa kukokotoa mvutano kutoka kwenye sura ya nchi yenyewe. Ukiilinganisha na SRTM, data ya miinuko iliyopimwa kwa rada kutoka angani, unapata koherensi ya kutengenezwa.

Kwa hiyo anayechora ramani ya unene ya Tanzania ya kati achore kwanza koherensi ya hewa huru, dirisha kwa dirisha, kwa vipimo vya ardhini au vya ndege. Palipo karibu na sifuri, thamani ya Bouguer iandikwe kwa alama ya "isiyozidi".