Sam Chedgzoy hakuwa kona moja tu

Kila anapotajwa Sam Chedgzoy, winga wa kulia aliyeichezea Everton, klabu ya jiji la Liverpool, kuanzia 1910 hadi 1926, kinachosimuliwa ni kisa cha kona. Kisa chenyewe ni kitamu, na sitajifanya kwamba sikipendi, lakini kwa maoni yangu kimewafanya wapenzi wa soka wamkumbuke kama mtu wa mzaha, ilhali maisha yake ya uchezaji yalikuwa marefu na mazito kuliko wengi wa enzi zake.

Tuanze na hiyo kona, maana haikwepeki. Katikati ya 1924 watunga sheria za soka waliamua kwamba goli linaweza kufungwa moja kwa moja kutokana na kona, ila katika kuiandika sheria hiyo hawakueleza wazi kwamba mpigaji haruhusiwi kuugusa mpira tena kabla haujaguswa na mchezaji mwingine. Aliyeliona pengo hilo ni Ernest Edwards, mwandishi wa michezo wa gazeti la Liverpool Echo, bwana yuleyule anayetajwa kuwa ndiye aliyelipa jukwaa la Anfield, uwanja wa klabu ya Liverpool, jina la Kop, naye akamchochea Chedgzoy ajaribu. Basi Chedgzoy akaenda kwenye kibendera, mabeki wakajazana langoni kusubiri krosi kama kawaida, naye badala ya kuuinua mpira akausukuma kidogo, akaufuata, akaugusa tena, kisha akaanza kuukokota kuelekea golini huku watu wakiduwaa. Haikuchukua muda sheria ikarekebishwa, na marekebisho hayo ndiyo yaliyotufanya sisi, watoto wa uwanja wa vumbi wenye magoli ya mawe, tupige kelele za "umegusa mara mbili!" bila kujua tulikuwa tukimlalamikia nani.

Sasa tazama yaliyozunguka dakika hiyo moja. Chedgzoy alizaliwa 1889 huko Ellesmere Port, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool. Alikuwamo katika kikosi cha Everton kilichotwaa ubingwa wa ligi msimu wa 1914/15, na mara tu baada ya ubingwa huo ligi ikasimamishwa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alikuwa na umri wa miaka 26 iliposimama, na 30 iliporejea 1919. Kwa winga, anayeishi kwa mbio zake, hiyo ndiyo miaka yenyewe hasa. Ukimnyang'anya hiyo umemnyang'anya karibu kila kitu. Hata hivyo mechi yake ya kwanza katika timu ya taifa ya Uingereza aliicheza 1920, akiwa amekwisha kutimiza miaka 31, na hadi kufikia 1924 alikuwa ameitwa na kucheza mara nane. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko ujanja wa kona, kwa kuwa ujanja unahitaji alasiri moja tu, lakini kuchelewa hivyo na bado kuitwa kunahitaji miguu na nidhamu ya miaka mingi.

Wapo watakaonijibu kwamba bila kona ile hata jina lake lisingetufikia. Huenda ni kweli. Mawinga wa zama zile walikuwa watu wa kuwatengenezea wenzao magoli, wakikimbia pembezoni mwa mstari na mpira wa ngozi uliofungwa kwa kamba, ambao mvua ikinyesha ulizidi uzito, kisha wakauinua kwa ajili ya kichwa cha mtu mwingine ambaye ndiye aliyeandikwa gazetini kesho yake. Mshambuliaji Dixie Dean alipojiunga na Everton mwaka 1925, kijana wa miaka 18, alimkuta Chedgzoy akikaribia mwisho wa kazi yake hapo; magoli 60 ya Dean ya msimu wa 1927/28 yanajulikana na kila mtu, lakini kufikia wakati huo mzee wetu alikuwa ameshaondoka.

Na kuondoka kwenyewe kunastahili kuangaliwa. Tangu 1922 mchezaji wa ligi ya Uingereza, hata awe nyota namna gani, hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 8 kwa wiki wakati wa msimu na pauni 6 wakati wa kiangazi, na klabu iliweza kumzuia asihamie kwingine hata mkataba wake ukiisha. Sheria hiyo haikuwa na pengo la kupenya na mpira mguuni. Chedgzoy alivuka Atlantiki mwaka 1926, akiwa na miaka 37, akajiunga na New Bedford Whalers ya Massachusetts, katika ligi ya Marekani ambayo wakati huo ilikuwa ikiwavuta Waingereza na Waskoti wengi. Baadaye alihamia Kanada, akaichezea timu ya Carsteel ya Montreal katika miaka ya 1930, umri ambao wenzake wengi walikuwa wameshageuka watazamaji. Alifariki katika jiji hilohilo mwaka 1967.