Bei ya petroli peke yake haiuzi haibridi

Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, ikishatangaza bei kikomo ya mafuta na petroli ikawa imepanda, hurudi swali lilelile: kwa nini watu wa Mbeya, Iringa na Njombe bado wanang'ang'ania Toyota IST na Noah za kawaida wakati haibridi, yaani magari yanayotumia petroli na umeme, zipo? Wanaouliza hujijibu wenyewe kwamba watu wa Nyanda za Juu Kusini wanaogopa teknolojia. Jibu hilo haliwatendei haki wanunuzi wa huku.

Watetezi wa haibridi wana hoja, tena nzito. Barabara kuu inayopita Mbeya mjini ndiyo hiyohiyo inayobeba malori ya Zambia, daladala na bajaji. Kwenye foleni ya Uyole, Mwanjelwa na Mafiati haibridi huzima injini na kujisogeza kwa umeme, huku gari la kawaida likiunguza mafuta limesimama. Baridi yetu nayo huinusuru betri na joto, ambalo huichosha mapema. Na kwa kuwa mafuta husafirishwa zaidi ya kilomita 800 kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Mbeya, lita ya huku huwa ghali kuliko ya kule.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue mwalimu wa Mafinga anayetembea kilomita 12,000 kwa mwaka. Tuseme gari la kawaida linampa kilomita 14 kwa lita, haibridi ikampa 21, na lita ni shilingi 3,000. La kwanza litakunywa lita 857, la pili lita 571. Anaokoa lita 286, yaani kama shilingi 858,000 kwa mwaka. Ikiwa haibridi inamzidi bei yule mwenzake kwa milioni nne, atahitaji karibu miaka mitano kurudisha tofauti hiyo, na hapo betri iwe haijamsumbua.

Kinachosahaulika ni hiki: petroli ikipanda kwa shilingi 300 kwa mpigo, faida ya mwalimu huyo kwa mwaka mzima huongezeka kwa shilingi 85,800 tu. Wenye sheli watalalamikiwa, nauli zitapanda, lakini nyongeza hiyo haitoshi kumfanya mtu abadili gari. Shilingi ikishuka asilimia kumi mbele ya dola, gari la milioni 20 linaweza kumdai karibu milioni mbili zaidi, kwa sababu ushuru nao hukokotolewa juu ya thamani ya gari hadi bandarini. Mafuta yananunuliwa kwa dola, na gari la nje hali kadhalika. Mwaka 2023, dola zilipoadimika nchini, anguko lilelile la shilingi lililomfanya mtu atamani haibridi ndilo lililomnyima uwezo wa kuiagiza.

Hili si la kwetu tu. Julai 2008 pipa la mafuta lilifika dola 147 na Wamarekani wakalipa zaidi ya dola nne kwa galoni. Ungetegemea mauzo ya haibridi yapae. Kwa mwaka huo mzima yalishuka, kutoka magari kama 350,000 ya 2007 hadi kama 312,000, maana uchumi uliporomoka na mikopo ikakauka. Japani mwaka 2009 mafuta yalikuwa rahisi kuliko mwaka uliotangulia, lakini serikali ilipunguza kodi na kutoa ruzuku, na Prius, haibridi ya Toyota, ikawa gari lililouzwa kuliko yote nchini humo.

Milima nayo inazungumzwa kirahisi mno. Ni kweli mteremko huchaji betri. Lakini betri ya haibridi kama Toyota Aqua au Prius ni ndogo. Ukishuka Kitonga, au kutoka Tukuyu kwenda Kyela, hujaa mapema na dereva hulazimika kuweka gia ya B ili injini isaidie kuzuia gari. Ukipanda na mzigo, chaji ikishuka, injini ya petroli hubaki ikivuta karibu peke yake. Vumbi la barabara za vijijini huziba kichujio cha feni ya betri kilicho kando ya kiti cha nyuma, na feni ikishindwa, ile faida ya baridi yetu inapotea. Haibridi changa ni ghali. Iliyozidi miaka kumi hutozwa ushuru wa uchakavu na huja na betri iliyozeeka. Mkulima wa viazi au parachichi anayepata fedha msimu kwa msimu hana sababu ya kubahatisha hapo.

Nakiri dereva teksi wa mjini yuko upande mwingine wa hesabu hii. Anayetembea kilomita 40,000 kwa mwaka kwenye foleni, kwa makadirio yaleyale, anaokoa zaidi ya milioni mbili na laki nane, na tofauti ya bei inarudi ndani ya mwaka na nusu. Huyo ndiye mteja wa kweli wa haibridi Mbeya leo. Kinachomkwamisha ni mtaji wa kuanzia na woga wa betri, na woga huo una msingi. Muagizaji anayetaka kumuuzia ampe dhamana ya betri ya miaka miwili kwa maandishi, na aweke fundi mwenye kifaa cha kupimia betri hapa Mbeya, si Dar es Salaam.