Jozi nzima nyuma ya shujaa mmoja: inalipa wapi, inagharimu wapi

Magic: The Gathering, mchezo wa karata za kukusanya uliobuniwa na Richard Garfield na kutoka mwaka 1993, una hesabu yake ya kawaida: jozi ya karata zisizopungua 60, na karata yoyote isiyo ardhi ya msingi (ardhi ndizo karata zinazotoa mana, nguvu ya kulipia karata nyingine) unaruhusiwa kuiweka hadi mara 4. Ukiipenda karata, unaiweka zote nne kisha unaomba Mungu ikufikie mapema. Uwezekano wa kuishika walau moja katika karata 7 za mwanzo ni kama asilimia 40.

Mtindo wa Commander uliipindua hesabu hiyo. Jozi ni karata 100, kila karata isiyo ardhi ya msingi mara moja tu, na moja kati yake ni kiumbe wa hekaya: mfalme, joka, malkia wa wafu, jambazi mwenye jina lake. Huyu ndiye kamanda, shujaa wa jozi, na hachanganywi na wenzake. Anakaa pembeni, hadharani, tangu mchezo haujaanza, na siku mana zikitosha unamwita. Akiuawa unaweza kumrudisha pembeni, ila kila unapomwita tena unatozwa mana 2 juu ya zile za mara iliyopita. Mana zina rangi tano, na zile 99 hazitoki nje ya rangi zake. Karata yoyote kati ya hizo 99 ina asilimia 7 hivi ya kuwa mkononi mwako mwanzoni. Shujaa ana asilimia 100. Waliokulia kwenye karata za turufu barazani wanaijua hali hii, turufu iliyofunuliwa mezani ambayo kila mtu anacheza akiitazama.

Swali linajileta lenyewe. Ikiwa una uhakika na karata moja tu, na nyingine zote ni majaliwa, kwa nini usizipange zote zimtumikie huyo mmoja? Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti. Na sharti lenyewe halihusu sana jozi inamtegemea shujaa kiasi gani. Linahusu ni shujaa wa namna gani.

Nianze na hoja ya kumtetea, na nimtumie Krenko, Mob Boss, kiongozi wa goblini aliyechapishwa mwaka 2012. Anagharimu mana 4. Akiwa uwanjani, zamu yako ikifika unamtumikisha naye anakuletea goblini wapya kwa idadi ya goblini ulio nao tayari, yeye mwenyewe akihesabiwa. Akiwa peke yake analeta mmoja, mnakuwa wawili. Zamu inayofuata wanne, halafu wanane, halafu kumi na sita. Kwa hiyo karata za goblini wa mana 1, ambazo kwingineko zingelala kwenye boksi la viatu, ghafla zina thamani: kila goblini mnyonge aliyetangulia uwanjani ni mkupuo mkubwa zaidi Krenko atakapoanza kazi. Lightning Greaves, viatu vinavyomwezesha kiumbe kutenda zamu ileile aliyoingia, vinakuwa karata ya kwanza kuitafuta.

Faida yenyewe ndiyo hiyo, na si ndogo. Magic ina karata tofauti zaidi ya 25,000. Mtu anayeanza kujenga jozi bila mwongozo atachukua zile zinazosifiwa na wote, na jozi yake itafanana na ya jirani. Shujaa humpa kigezo. Hii inamsaidia, hii haimsaidii. Karata hafifu hupata kazi, karata ghali huweza kuachwa bila majuto, na mwenye kipato kidogo anaweza kujenga kitu chenye sura yake. Nionavyo mimi, hakuna kilichoupendesha mtindo huu kuliko hapo, hata zile vurugu za watu wanne mezani.

Asili yake nayo inaeleza mengi. Mtindo ulianzia Alaska katika miaka ya 1990, kati ya marafiki walioamua kuwa makamanda wawe wale majoka wakongwe watano wa toleo la Legends la mwaka 1994, Nicol Bolas akiwemo. Sheldon Menery, mwamuzi wa mashindano, ndiye aliyeueneza kwa waamuzi wenzake, nao wakausambaza duniani. Wizards of the Coast, wenye mchezo, hawakuuza jozi rasmi za Commander hadi mwaka 2011. Hata kanuni kwamba ukipigwa pointi 21 na kamanda mmoja vitani umeshindwa, hata kama uhai wako wa 40 haujaisha, inarandana na majoka yale: kila moja lilikuwa na nguvu 7, na mapigo matatu yanafika 21. Majoka hayo yaligharimu mana 8 kila moja. Shujaa alikuwa mgeni wa jioni. Mchezo ulikuwa umeshapamba moto anapoingia, na jozi ilipaswa kuishi bila yeye kwa muda mrefu.

Leo shujaa wa mana 3 au 4 anaingia kabla watu hawajatulia vitini, na hapo ndipo upande wa pili wa hoja unapopata uzito.

Mtazame Uril, the Miststalker. Ana nguvu 5, wapinzani hawawezi kumlenga, na kila pambo la uchawi analovishwa humwongezea 2. Mvishe matatu, ana 11 kabla hujahesabu nguvu za mapambo yenyewe, na mapigo mawili yanavuka 21. Kwenye karatasi inavutia: kuwamaliza wapinzani watatu kwa uhai wao ni kuondoa pointi 120, kwa kamanda ni 63. Lakini kila pambo ni karata uliyoifunga mwilini mwa kiumbe mmoja. Mpinzani akicheza Wrath of God, karata ya mana 4 isiyomlenga mtu bali inaua viumbe wote, Uril anarudi pembeni na mapambo yote matatu yanakwenda kaburini, yaani rundo la karata zilizokwisha kazi. Umepoteza zamu nne za kazi kwa karata moja ya mwenzako, na kumwita tena ni mana 7 badala ya 5. Mkononi huenda umebaki na mapambo mawili na hakuna wa kumvisha.

Kifo si janga kubwa kuliko yote. Baya zaidi ni shujaa kubaki hai asiye na kazi. Darksteel Mutation, ya mana 2, humgeuza kiumbe kuwa mdudu wa nguvu 0 asiye na uwezo wowote na asiyeharibika. Hafi, hivyo harudi pembeni. Unamtazama tu. Drannith Magistrate, mana 2 vilevile, huwazuia wapinzani kucheza karata kutoka popote pasipo mkononi, na pembeni anakokaa kamanda si mkononi. Jozi iliyojengwa kwa Krenko ikikutana na mojawapo ya hizo bila dawa, inabaki na goblini wa nguvu 1 wanaokimbilia meza yenye majitu.

Watetezi wana jibu: weka karata za kumlinda, weka za kuondoa vizuizi. Sawa. Ila kila kinga unayoiweka inachukua nafasi ya karata ya kushinda, na kinga hizo hazina maana shujaa asipokuwepo. Utegemezi unajilisha wenyewe. Waliokuwa wakisimamia kanuni waliliona hili kwa namna yao. Hadi mwanzoni mwa 2015, ukimpiga kamanda kwa karata kama Hinder au Chaos Warp, alizikwa ndani ya jozi ya mwenyewe na huenda asionekane tena. Machi mwaka huo kanuni ilibadilishwa, kamanda akaruhusiwa kurudi pembeni hata hapo. Sababu mojawapo ni kwamba hofu ya kumpoteza iliwafanya watu wajaze jozi zao karata za kutafutia karata, na michezo ikaanza kufanana. Walikuwa sahihi kuhusu tatizo. Kuhusu dawa sina hakika hiyo, kwa sababu adhabu ya kumtegemea mtu mmoja ilipopungua, wajenzi walizidi kumtegemea.

Wabunifu nao wakazidi kuwarahisishia. Edgar Markov, wa mwaka 2017, hukupa mnyonya damu mdogo kila ukicheza mnyonya damu mwingine, hata kama yeye yuko pembeni na hujamwita. Huwezi kumuua asiyekuwepo. Korvold, Fae-Cursed King, akishaingia hukupa karata kila unapotoa sadaka kitu chako, na papo hapo anakua. Ni injini na ni silaha, mwili mmoja. Golos, Tireless Pilgrim yeye alienda mbali zaidi: alitafuta ardhi alipoingia, alitumia rangi zote tano, na kwa mana 7 alikuchezea karata tatu za juu bure. Aliwafaa karibu watu wote, na ndiyo maana Septemba 2021 akapigwa marufuku. Alikuwa anawafukuza mezani mashujaa wengine wa rangi tano.

Nadhani hapo ndipo mjadala wa kawaida unapokosea. Watu hubishana kama ni vibaya kumtegemea shujaa, wakati Golos alifungiwa ilhali jozi zake hazikumhusu hata kidogo. Ungeweza kuitoa sura yake na kuweka nyingine na usigundue. Krenko kinyume chake: bila yeye jozi haina mantiki, lakini kila mtu mezani anajua la kumfanya, na muda wa kulifanya upo. Utegemezi wa Krenko ni hatari anayoibeba mwenye jozi. Urahisi wa Golos ulibebwa na meza nzima.

Kinachovuruga usawa huo ni kasi. Jeweled Lotus, iliyotoka mwaka 2020, haigharimu kitu na hukupa mana 3 za rangi moja zinazotumika kumwita kamanda tu. Pamoja na ardhi moja, Krenko yuko uwanjani zamu ya kwanza. Ilipigwa marufuku tarehe 23 Septemba 2024 pamoja na Mana Crypt, Dockside Extortionist na Nadu, Winged Wisdom, na hasira za walionunua karata hizo kwa bei kubwa zilifika kwenye vitisho. Wiki moja baadaye kamati ya wajitoleaji iliyoongoza mtindo huu ikaukabidhi kwa Wizards of the Coast. Kuhusu Lotus peke yake siwaonei huruma. Hatari ya kuweka kila kitu juu ya mmoja ina maana pale tu wengine wanapopewa zamu mbili tatu za kujipanga.

Flesh and Blood, mchezo wa New Zealand uliotoka 2019, umelikata tatizo kwa njia nyingine. Shujaa wako yuko mezani mwanzo hadi mwisho na uhai wake ndio uhai wako, hivyo hakuna kumwondoa. Badala yake, shujaa anayeshinda mashindano kupita kiasi hustaafishwa kwa heshima kutoka mtindo mkuu. Ni suluhisho la waandaaji wa ligi. Kwa Commander, ambayo watu huicheza sebuleni na marafiki, lisingefaa.

Kama ningeshauriwa kuchagua, ningemchagua shujaa wa aina ya Muldrotha, the Gravetide: mana 6, na kila zamu yako anakuruhusu kucheza tena kutoka kaburini karata moja ya kila aina inayobaki uwanjani. Karata zake zimeshafanya kazi mara moja kabla hajafika. Asipokuja, una jozi ya kawaida inayokwenda polepole. Akija, makaburi yanafunguka. Na anachelewa, kama yale majoka ya Alaska.

Anayenisumbua hadi leo ni Yuriko, the Tiger's Shadow. Ninja wake wakimgusa mpinzani, unafunua karata ya juu ya jozi na kila mpinzani anapoteza uhai sawa na gharama yake. Basi watu huweka Draco, joka la mana 16 ambalo hawakusudii kabisa kuliita, ili siku likifunuliwa liwachape wote pointi 16. Hakuna shujaa aliyeibadilisha maana ya karata kwa werevu kama huo. Lakini Yuriko huingia uwanjani kwa mana 2 akibadilishana na mshambuliaji asiyezuiwa, na kwa kuwa haitwi kwa njia ya kawaida, halipi ile nyongeza hata akifa mara tano. Viwango vitano vya nguvu za jozi vilipotangazwa Februari 2025, jina lake lilikuwemo katika orodha ya kwanza ya karata za kuangaliwa. Ningekuwa na kalamu ya kumwandika upya, Draco ningemwachia, halafu ningemtoza mana zake 2 kama wenzake.