Dawa ya deni ni kulipa, ila usililipe kwa usingizi wako

Ushauri unaotolewa sana kwa mwenye mkopo wa nyumba ni huu: jibane, tafuta kazi ya pili, lala kidogo, kula chochote kinachojaza tumbo, deni liishe upesi. Naupinga. Mkopo wa nyumba huchukua miaka 15, 20, hata 25, na hakuna mwili utakaobanwa muda wote huo ukabaki salama. Nawapinga vilevile wanaosema kulipa mapema ni jambo la wenye kipato kikubwa. Ninachoamini ni kwamba pesa ya ziada itoke kwenye tabia zinazouchosha mwili, na isiguse hata kidogo vitu vinavyoulinda.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi hukata tamaa kabla hawajaiona. Chukua mkopo wa milioni 100, kwa sarafu yoyote ile, riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, muda wa miaka 20. Rejesho la kila mwezi ni takriban 1,101,000. Katika rejesho la kwanza, 1,000,000 ni riba tupu. Kinachopunguza deni lenyewe ni 101,000 tu. Ukilipa bila kukosa kwa miaka 5 utakuwa umetoa zaidi ya milioni 66, na deni bado litasoma karibu milioni 91.7. Ukifika mwisho wa miaka 20 utakuwa umelipa jumla ya milioni 264.

Sasa ongeza 50,000 kila mwezi tangu mwanzo. Mkopo unaisha baada ya miezi 204 hivi badala ya 240, yaani miaka 3 imekatwa, na riba unayoiepuka ni karibu milioni 29. Ukiongeza 100,000, ambayo haifiki hata sehemu ya kumi ya rejesho, mkopo unaisha ndani ya miezi 180. Miaka 5 imeondoka, pamoja na riba ya takriban milioni 48. Hakuna muujiza hapo. Kila shilingi ya ziada huenda moja kwa moja kwenye deni la msingi, yaani pesa uliyokopa bila riba, na mwezi unaofuata benki haina pa kuidai riba yake, wala mwezi wa pili yake, wala miezi mingine yote iliyobaki.

Ndiyo maana wakati una uzito kuliko kiasi. Milioni 1 ya ziada ikiingia siku za mwanzo za mkopo huo huokoa riba ya takriban milioni 9.4. Milioni hiyohiyo ikiingia mwaka wa 15 huokoa kama 811,000. Anayesema ataanza kulipa ziada mambo yakishakaa sawa anaahirisha ile miaka yenye faida kubwa kuliko yote.

Kabla ya kutoa chochote, soma mkataba. Kuna vifungu vinne vya kutafuta. Cha kwanza ni namna riba inavyokokotolewa. Kama imepigwa kwenye mkopo wote tangu siku ya kwanza na haishuki pamoja na salio, kulipa mapema hakuokoi kitu isipokuwa mkopeshaji akubali kusamehe riba iliyobaki, na hilo lazima liwe kwenye maandishi. Cha pili ni faini ya kulipa kabla ya muda. Faini ya asilimia 2 ya kiasi cha ziada inatisha ukiisoma, lakini kwa mfano wetu ni 20,000 kwa kila milioni, na hata ukiwa umebakiza mwaka mmoja tu, milioni hiyo bado inaokoa riba ya 126,000 hivi. Ada ya kudumu kwa kila muamala ndiyo mbaya kwa mtu wa viwango vidogo. Ikiwepo, kusanya pesa ulipe mara moja kila miezi mitatu. Cha tatu ni kiwango cha chini cha malipo ya ziada kinachopokelewa. Cha nne, ambacho watu hukiruka, ni jinsi malipo hayo yanavyoingizwa kwenye hesabu.

Hiki cha nne kimewaumiza wengi. Mteja analipa ziada kila mwezi, na mfumo wa benki unaihesabu kama rejesho la mwezi ujao lililotangulia. Pesa inakaa pembeni ikisubiri tarehe, salio halishuki, na riba inaendelea kama kawaida. Mwaka unapita mtu akijua anapunguza deni, kumbe anaiwekea benki akiba isiyo na faida. Kinga yake ni barua fupi au baruapepe yenye sentensi mbili: malipo yote yanayozidi rejesho yapunguze deni la msingi siku yanapoingia, na muda wa mkopo ufupishwe huku rejesho likibaki lilelile. Usiiache hiyo sentensi ya pili. Benki ikipunguza rejesho badala ya muda, pesa inayobaki mfukoni kila mwezi italiwa na matumizi, na sehemu kubwa ya faida itapotea.

Mwezi unaofuata omba stetimenti ya mkopo uikague kwa mkono. Zidisha salio la mwezi uliopita kwa riba ya mwaka, gawanya kwa 12. Jibu likaribiane na riba uliyotozwa. Kama riba yako huhesabiwa kwa siku, tofauti ndogo itakuwepo kwa sababu miezi hailingani. Salio jipya lazima liwe limeshuka kwa sehemu ya deni la msingi pamoja na ziada yako yote. Likishuka kwa sehemu ya kawaida tu, rudi benki siku hiyohiyo.

Wapo ambao hawapaswi kuanza na nyumba hata kidogo. Mwenye deni la kadi au mkopo mdogo wa riba kubwa kuliko ya nyumba amalize huo kwanza. Asiye na akiba ya dharura ya kutosha angalau miezi 3 ya matumizi, na 6 kama kipato chake hupanda na kushuka, aijenge hiyo kwanza. Pesa ikishaingia kwenye nyumba haitoki mpaka uuze au ukope upya. Tena kulipa ziada mwaka mzima hakukupi ruhusa ya kukosa rejesho la mwezi ujao. Benki itakuandikia umechelewa kama mtu mwingine yeyote. Na kama riba yako ni ndogo na imefungwa kwa muda wote, huku akiba salama ikikulipa zaidi ya riba hiyo baada ya kodi, basi huna haraka.

Tukija kwenye tabia, wengi hukosea kwa kuanza na mambo saba siku moja: kukimbia alfajiri, kuacha sukari, kupika kila siku, kulala mapema, na kadhalika. Ni nguvu ya soda. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa 2010, uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia moja moja. Muda wa kati mpaka kitendo kukaribia kujiendesha chenyewe ulikuwa siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu zilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu mwenendo. Kwa hiyo ipe tabia moja miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuongeza nyingine, na ukikosa siku moja endelea kesho yake bila kujihukumu.

Ichague tabia yenye bei. Namaanisha kitu ambacho leo unakilipia na mwili haukihitaji: kinywaji chenye sukari, sigara, pombe, nauli ya umbali unaotembeka, chakula cha kununua kwa sababu jana hukupika. Andika kwa siku 14 kila unachotoa kwenye mambo hayo, bila kubadilisha chochote. Kisha chagua kimoja, piga hesabu ya wiki, na uipe pesa hiyo mahali pa kwenda. Siku moja maalumu ya wiki, hamisha kiasi kilekile kwenda akaunti ya pembeni, na mwanzoni mwa mwezi agizo la kudumu, yaani maelekezo ya benki kuhamisha pesa yenyewe kila mwezi, liipeleke kwenye mkopo. Ninalisisitiza hili kuliko jingine lolote. Pesa uliyookoa kwa kuacha soda, ikibaki mfukoni, haitafika wikendi, na baada ya miezi mitatu utaona umejinyima bila kuona tofauti kwenye deni. Hapo ndipo wengi hurudia ya zamani.

Chupa moja ya soda ya mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima anayetumia kalori 2,000 ni kama gramu 50. Chupa mbili tayari zimevuka. Usiziache zote mara moja kama hunywi kingine. Badilisha ya kwanza ya siku iwe maji, wiki mbili baadaye ya pili.

Sigara ina njia yake. Hamu huwa kali siku chache za mwanzo na hupungua kwa wiki mbili hadi nne, kwa hiyo usipange kuacha wiki yenye presha kubwa kazini. Pombe inataka uangalifu zaidi: anayekunywa nyingi kila siku asiikate ghafla peke yake, kwa sababu mwili unaweza kupata degedege. Aanzie kwa daktari.

Kutembea ndiko ninakokupenda kuliko mazoezi yote ya kulipia. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli. Umbali wa kilomita 2 na zaidi kidogo kwa mwendo wa haraka, kama hatua 100 kwa dakika, huchukua nusu saa. Siku tano za hivyo ni dakika 150 kamili, na nauli ya kwenda au ya kurudi imebaki mkononi. Aliyekaa muda mrefu bila mazoezi aanze na dakika 10, aongeze 5 kila wiki. Maumivu ya kifua au pumzi kukata si uvivu. Ni ishara ya kumwona daktari.

Chakula ndicho kipengele kinachoonekana rahisi na huvunjika mapema. Anayeapa kupika kila jioni baada ya kazi huchoka siku ya tatu. Pika mara mbili kwa wiki, kiasi cha siku tatu. Chakula kikishapoa kidogo kiingie kwenye friji ndani ya saa 2 tangu kiive, kwenye vyombo vya kina kifupi ili kipoe upesi, friji ikiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Pasha unachokula tu, mpaka kitoe mvuke katikati. Ila usikate upande wa matunda na mboga. Gramu 400 kwa siku ndicho kiwango cha chini kinachoshauriwa, na kubana matumizi kwa kujaza sahani wanga na mafuta ni kukopa kwenye mwili. Cha kubana ni chumvi, isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula.

Usingizi usiuze. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na zamu ya usiku ya kudumu inayokuachia saa 5 italeta pesa mwezi huu, kisha uchovu, makosa kazini na hasira nyumbani. Kama ni lazima kuchukua ovataimu, iwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, mfano miezi 3 ya kujenga akiba ya dharura, halafu isimame. Hivyo hivyo dawa za kila siku, kupima presha, meno na bima ya afya havipunguzwi ili mkopo uende mbio. Malazi ya wiki moja hospitalini yanaweza kumeza ziada ya mwaka mzima.

Ukianza na 50,000 ya mfano wetu, iache ikae miezi 6 kabla ya kuipandisha. Mshahara ukiongezeka, nusu ya nyongeza ielekee kwenye mkopo mwezi uleule, kabla maisha hayajaizoea. Bonasi au malimbikizo ya mshahara yakitokea, rejesho moja kamili la ziada kila mwaka, katika mkopo huu, hukata zaidi ya miaka 4. Kama mnaishi wawili, mwenzi aijue hesabu yote na awe na neno kwenye kuchagua tabia inayokatwa; akibebeshwa mpango asioushiriki, utakwama kwake.

Ukikaribia mwisho, usilipe salio linaloonekana kwenye stetimenti ukadhani umemaliza. Riba huongezeka kila siku, na salio dogo likibaki akaunti haifungwi, faini za kuchelewa zinaanza kupanda juu yake. Omba kwa maandishi kiasi cha kufunga mkopo kwa tarehe maalumu, lipa siku hiyo, simamisha agizo la kudumu, kisha dai barua ya kumaliza deni na hati ya nyumba. Nenda nayo ofisi ya ardhi uhakikishe rehani imefutwa kwenye daftari. Na kama bima ya nyumba ilikuwa imefungwa ndani ya mkopo, kata mpya kwa jina lako kabla ile haijakoma.