Mdomo kwa Mdomo, Sikio kwa Sikio

Seva mpya imefika. Bosi anaizunguka kama bwana harusi, ananiuliza, "Saa nane itakuwa tayari?" Nikajibu ndiyo. Huu mdomo wangu huu!

Nafungua boksi, natafuta pa kuchomeka skrini. Hakuna! Mgongoni kuna matundu ya mtandao, na tundu moja la pini 9 la enzi za mababu. RS-232 hiyo, kiwango cha mashine kuongea kwa waya, cha mwaka 1960. Tanganyika yenyewe ilikuwa haijapata uhuru. Laptopu yangu nayo haina tundu la hivyo, ina USB tu. Haya, Kariakoo. Adapta nikapata, na kebo nikapewa na kijana mmoja: "Hiyo hiyo, braza, inakubali." Nauli ya bodaboda yangu mwenyewe, maana risiti za boda nani anazilipa?

Nachomeka. Skrini nyeusi tii. Nabonyeza Enter mpaka kidole kinataka kuota sugu. Kumbe kebo ile imenyooka: pini 2 kwa 2, 3 kwa 3. Yaani mdomo wangu kwenye mdomo wake, sikio langu kwenye sikio lake! Wote tunasema, hakuna anayesikia. Kikao cha harusi kabisa. Ilitakiwa iliyopishanishwa. Boda, Kariakoo tena, na yule kijana haoni hata aibu: "Ungesema mapema, braza."

Safari hii herufi zikaja. Tena nyingi: x~ÿ?¿þ{x. Mlinzi akachungulia, "Fundi, hiki Kichina?" Mimi nimeweka kasi ya biti 9600 kwa sekunde, seva inamwaga kwa 115200. Nikabadili, menyu ikatokea safi kabisa, nikachagua kusakinisha mfumo wa Linux... kimya.

Nusu saa nzima natukana kebo isiyo na kosa! Mfumo umeamka zamani, ila unaongea na skrini ambayo haipo. Mpaka uuandikie kwenye mstari wa kuwashia, console=ttyS0,115200, yaani "ongea kwa tundu lile la pini 9", ndipo ujue kuwa mtu yuko huku. Mtu mwenyewe ana njaa, na feni za hilo dude zinanguruma kama mashine ya kusaga.

Saa kumi na mbili jioni, neno moja likatokea: login, yaani karibu, ingia. Nilitaka kulibusu. Bosi akaingia, akaangalia vile viherufi vyeupe kwenye weusi, akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo mpaka saa hizi haijawaka?"