Imehifadhiwa, Ila Iko Foleni

Asubuhi hii bosi kapiga simu kutoka makao makuu Dar. Hakusalimia. Mkubwa akikupigia saa mbili kasoro bila hata "habari za Mwanza", jua kuna msiba, na marehemu ni wewe.

"Ripoti ya mwezi iko wapi?"

Nikakaa sawa kitini. Mimi ni mtu mzima, nina miaka 17 kwenye uhasibu, na shati langu hupigwa pasi kila siku umeme ukiruhusu. "Bosi, nimeihifadhi jana saa kumi na moja kasoro. Iko kwenye folda ya pamoja."

"Ninayoiona mimi ni ya Ijumaa. Jumla hazijajazwa."

Naifungua hapa, naiona ya jana, imekamilika hadi senti. Faili moja, jina moja, folda moja, halafu ni kama mwezi wa Idi: Dar hawajauona, sisi Mwanza tumeshapika pilau.

Nilikuwa nimeshagombana na konda wa daladala kuhusu chenji, na mashine ya kuchapa ilikuwa inadai wino wa bluu ili ichapishe nyeusi. Hayo nikayameza. Hili la kuonekana mwongo nikashindwa. Nikamwita kijana wa aiti.

Akaja saa nne, sikio moja linasikiliza muziki, jingine ndilo letu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ripoti yangu iko wapi?"

"Ipo mzee. Haijafika tu."

"Haijafika wapi? Mimi sikuituma. Niliihifadhi!"

"Ndiyo, uliihifadhi kwenye proksi."

Akaonyesha chini ya meza ya chai, kwenye kisanduku cheusi ambacho dada wa mapokezi amekiwekea maua ya plastiki. Miaka miwili najua kile ni king'amuzi.

Nikaelezwa, nimesimama. Seva kubwa, kompyuta inayotunza mafaili yote ya kampuni, iko Dar, na kisanduku hiki, proksi, ni wakala wake hapa Mwanza. Ukifungua faili, kisanduku kinaleta nakala na kuitunza hapa kwenye kashe, ili kesho ukilitaka tena lisisafiri upya kilomita zaidi ya 1,000. Kusoma hakuna shida. Shida ni kuandika. Kuna proksi ambayo ukiandika inapeleka kwanza Dar, inasubiri Dar waseme "tumepokea", ndipo inakwambia imehifadhiwa. Salama, ila utasubiri hadi usinzie. Na kuna ambayo inapokea, inakwambia imehifadhiwa hapo hapo, kisha mzigo inaupeleka baadaye ikipata nafasi.

"Yaani nimempa konda bahasha pale Nyegezi, naye ananiambia 'imefika mzee' gari halijawashwa?"

"Umeelewa mzee!"

"Nani alichagua ujinga huu?"

Akanitazama kwa huruma. "Mlilalamika, mzee. Novemba. Barua pepe ninayo. Uliandika mfumo unakwenda kama kobe mjamzito."

Nikakohoa.

"Sasa kwa nini haijafika tangu jana?"

"Iko foleni. Mbele yako kuna faili moja kubwa kidogo." Akageuza skrini. Ripoti yangu: kilobaiti 84. Mbele yake: video ya send-off ya mtu wa masoko, gigabaiti 11, imewekwa kwenye folda ya pamoja ya kampuni. Laini yetu ya kupeleka ni megabiti 4 kwa sekunde, siku ikiwa njema. Nikapiga hesabu, kazi yangu ndiyo hiyo: zaidi ya saa sita. Na jana usiku laini ilikuwa imelala.

"Ipitishe yangu mbele!"

"Haipiti mzee. Inapeleka kwa mpangilio ambao mafaili yaliandikwa, la kesho lisije kufika kabla ya la leo."

"Basi zima, uwashe upya."

Ndipo kijana alipopiga kelele, maana dada wa mapokezi alikuwa ameshika plagi ya kisanduku achomeke birika. "Dadaaa! Usichomoe! Mafaili mengine yapo kwenye kumbukumbu ya muda, umeme ukikatika yanapotea, hayajafika kwenye diski!" Betri ya akiba? Ilikufa, ndiyo ile ameketi juu yake mlinzi pale getini. Tukabaki watu wazima watatu tunalinda soketi kama mwari.

Simu ikaita. Bosi tena. Kaona jumla hazipo, kamwambia mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo azijaze hukohuko Dar, tayari kahifadhi.

"Sasa ya kwangu ikifika?"

"Kwa jinsi tulivyoiseti, anayefika mwisho ndiye anayebaki," kijana akasema. "Ya mwanzo inafutika."

Jamani. Maisha yangu yote nimefundishwa kuwahi, leo natakiwa niombe nichelewe kuliko mwanafunzi!

Akataka kunifariji. Kuna mfumo wa mafaili unaitwa AFS, akasema, wa chuo cha Carnegie Mellon huko Marekani, tangu miaka ya 1980. Unaandika kwako, ukilifunga faili ndipo linakwenda seva, na seva imeahidi kumjulisha kila mwenye nakala kwamba yake imechacha.

"Wakifunga wawili?"

"Wa mwisho anashinda."

"Miaka 40! Wamekaa na tatizo miaka 40!"

Chai hakuna, birika halina soketi. Nikarudi mezani. Kwa hasira nikafungua hiyo video, nimjue anayenizuia. Ikafunguka papo hapo, bila kukwama, maana yote iko hapahapa kwenye kashe. Ripoti ya kampuni inasota, Bwana Harusi anameremeta.

Dakika ya 14 kamera ikapita meza moja. Idara ya uhasibu. Wote. Mlinzi yupo. Kijana wa aiti yupo, na soda mbili. Send-off hiyo mimi nimechanga 50,000, risiti ninayo, kadi sikuiona.

Nikamgeukia dada wa mapokezi, birika bado mkononi.

"Na wewe ulikwenda?"

Akaangalia maua.

"Kuku alikuwepo?"

"Alikuwepo, baba. Ila wa kwangu ulikuwa mgongo."