Kiti ni cha nani, Bwana Tavares?

Rafiki yangu mmoja hunicheka kila akinikuta na mjadala wa bunge la Ureno kwenye simu. "Kwenu hakuna bunge?" Lipo. Ila kule Lisbon kuna mbunge mmoja ninayemfuatilia miaka kadhaa sasa kwa sababu moja: alikihama chama akaondoka na kiti, akaanzisha chama chake, halafu chama chake nacho kikaachana na mbunge wake, kiti kikaenda. Mwosha huoshwa, tumeambiwa tangu utotoni. Lakini ni mara chache unamwona mtu anaoshwa kwa ndoo ile ile aliyomwoshea mwenzake.

Jina lake ni Rui Tavares. Alizaliwa Lisbon mwaka 1972, na Mapinduzi ya Mikarafuu ya Aprili 1974 yalipouangusha udikteta hakuwa hata ametimiza miaka miwili. Kwa hiyo ni mtoto wa demokrasia kamili, wa kizazi ambacho hakikupigania uhuru bali kilikabidhiwa. Kazi aliyosomea ni historia, na shahada ya uzamivu aliifanyia Paris. Kwa miaka mingi wasomaji wa gazeti la Público walimjua kwa safu yake kabla hawajamjua kwa kura.

Nilianza naye kwenye kitabu, si kwenye siasa. Mwaka 2005 alitoa kitabu kidogo kuhusu tetemeko kubwa la Lisbon. Tukio lenyewe ni la tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, makanisa yamejaa na mishumaa imewashwa. Ardhi ikatikisika. Walionusurika wakakimbilia uwanja wa wazi kando ya mto Tagus, mbali na kuta zinazoanguka, na huko huko bahari ikawafuata. Kisha mishumaa na majiko yakawasha moto ulioteketeza mji kwa siku kadhaa. Kuta tatu za maangamizi, moja baada ya nyingine, na katikati ya vumbi hilo akainuka waziri mmoja, anayejulikana baadaye kama Marquês de Pombal, akapanga upya mitaa ya Lisbon kwa rula, na nchi nayo akaipanga hivyo hivyo.

Utafiti wake mwingine unamhusu Pombal huyo huyo. Mwaka 1768 Pombal alilinyang'anya Kanisa kazi ya kukagua vitabu, akaunda bodi ya serikali ya kuifanya. Wakaguzi wapya walikuwa wasomi, watu wa mwanga, waliojua lugha tatu nne, nao wakapiga marufuku vitabu kwa hoja nzuri kabisa zilizoandikwa kwa mwandiko safi. Naomba msomaji aliweke hilo pembeni kidogo. Mtu aliyekaa kwenye nyaraka za wakaguzi wa namna hiyo haogopi sana mtawala anayepiga kelele. Anaogopa yule anayekuja na sheria mkononi.

Siasa ilimfikia mwaka 2009. Bloco de Esquerda, kambi ya mrengo wa kushoto, ilimweka kwenye orodha yake ya wagombea wa Bunge la Ulaya. Hakuwa mwanachama, aliingia kama mgombea huru ndani ya orodha ya chama, akiwa wa tatu. Mwaka huo Bloco ilivuna kura nyingi kuliko ilivyozoea na ikapata viti vitatu. Wa tatu ndiye yeye. Pale Brussels akajishughulisha na mambo ya wakimbizi, hasa namna nchi za Ulaya zingegawana kazi ya kuwapokea na kuwapa makazi watu waliokwama kwenye kambi za mbali. Sehemu ya mshahara wake akaitoa kuwa ruzuku za masomo na utafiti. Mambo ya kistaarabu, hayakumfanya maarufu.

Mwaka 2011 ukazuka ugomvi ambao hadi leo nikiueleza watu hudhani naongeza chumvi. Ulitokana na habari ya gazeti iliyokosea kuwataja waasisi wa Bloco. Kiongozi wa chama, Francisco Louçã, aliashiria hadharani kwamba kosa hilo limetoka kwa Tavares. Tavares akamtaka arekebishe kauli. Haikurekebishwa. Mwanahistoria akakusanya virago vyake kwa sababu ya orodha ya majina! Akatoka kwenye ujumbe wa Bloco, akaenda kukaa na kundi la Kijani, la vyama vya mazingira, na kiti akaenda nacho.

Kwetu Tanzania mambo yangeishia hapo. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha uanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge umekwisha, na Kenya nao ibara yao ya 103 haiko mbali na hapo. Ndiyo maana wale wabunge wa upinzani waliohamia chama tawala mwaka 2017 na 2018 "kuunga mkono juhudi" walianza kwa kujiuzulu, wakarudi kuomba kura majimbo yale yale, na gharama ya uchaguzi mdogo tukaibeba sisi. Ureno wameikata kwa namna nyingine. Katiba yao inasema mbunge anawakilisha nchi nzima. Ukigombana na chama chako unaweza kubaki bungeni bila chama. Kiti unakipoteza ukijiandikisha kwenye chama kingine. Yaani unaruhusiwa kuachika, huruhusiwi kuolewa tena kabla ya uchaguzi. Tavares, kwa kuwa hakuwa mwanachama tangu mwanzo, hata talaka hakuhitaji.

Je, alifanya haki? Ningekuwa mwana-Bloco mwaka ule ningemkasirikia sana, na sijioni kama ningekosea. Kwa mfumo wa orodha hakuna aliyeweka alama mbele ya jina lake. Watu walichagua chama, na chama ndicho kilichompandisha ngazi hadi nafasi ya tatu. Kusema "kiti ni cha mpiga kura" ni rahisi pale mpiga kura alipokujua kwa jina. Hapa hoja hiyo inachechemea, na kwa miaka sijaona jibu lake la kuniridhisha.

Tatizo langu ni kwamba kile kiti ndicho kilichozaa kazi yake bora.

Hungaria, mwaka 2010, chama cha Viktor Orbán, aliyeingia uwaziri mkuu mwaka huo, kilipata theluthi mbili ya viti, kikaandika katiba mpya na kuanza kuirekebisha mara kwa mara kadiri kilivyotaka. Chukua jambo moja tu: umri wa majaji kustaafu ulishushwa ghafla kutoka miaka 70 hadi 62. Ukiisoma sheria yenyewe huoni ubaya, ni suala la pensheni. Ila kwa mstari mmoja wamewaondoa majaji wazee wengi kwa mpigo, na viti vyao vinasubiri kujazwa. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefungwa. Bunge la Ulaya lilipotaka taarifa kuhusu hali ya haki za msingi nchini humo, kalamu alipewa Tavares, yule msomaji wa wakaguzi wenye mwandiko safi. Orbán mwenyewe alisafiri hadi kikao cha bunge hilo Strasbourg mwanzoni mwa Julai 2013 kuipinga uso kwa uso. Tarehe 3 Julai ikapita kwa kura 370 za kuunga mkono.

Kilichofuata? Kwa muda mrefu, karibu hakuna kitu. Taarifa ilipendekeza chombo cha kudumu cha kuzifuatilia nchi wanachama zinazovunja misingi waliyokubaliana zilipojiunga; kikabaki kwenye karatasi. Miaka mitano ikapita ndipo, Septemba 2018, taarifa nyingine ya mbunge wa Kijani kutoka Uholanzi, Judith Sargentini, ikasukuma hatua rasmi dhidi ya Hungaria. Wakati huo kila mtu alishaanza kusema alichosema Tavares mwaka 2013. Najiuliza: angekuwa chini ya sheria yetu, angeiandika nani? Labda mwingine, labda vizuri zaidi. Labda hakuna.

Basi akarudi nyumbani na kuanzisha Livre, maana yake "huru", nembo yake ua jekundu la mwituni, na kongamano la kwanza likafanyika Januari 2014. Wazo kubwa lilikuwa kura za mchujo zilizo wazi: si lazima uwe mwanachama kugombea wala kuchagua wagombea, mradi unakubali misingi ya chama. Uchaguzi wa Ulaya wa 2014 ulimpa asilimia 2 na ushee, bila kiti. Wa bunge la taifa mwaka 2015 ulimpa chini ya asilimia moja. Hapo wengi wangeandika kumbukumbu zao na kwenda kufundisha chuo.

Kiti cha kwanza kilikuja Oktoba 2019, na hakikuwa chake. Kilikuwa cha Joacine Katar Moreira, mwanahistoria mwenzake, mzaliwa wa Guinea-Bissau, mwanamke mweusi mwenye kigugumizi aliyeongoza orodha ya Lisbon. Nakumbuka video zake za kampeni. Neno linakwama, anasubiri, ukumbi unasubiri naye, neno linatoka, anaendelea bila kuomba radhi. Mimi mwenyewe nina ndugu mwenye kigugumizi na sikuwahi kumwona mtu akikibeba jukwaani namna ile.

Ndoa haikumaliza mwezi wa pili. Novemba alijizuia, yaani hakusema ndiyo wala hapana, kwenye kura ya kulaani mashambulizi ya Israel huko Gaza, kinyume na msimamo wa chama, akasema hakuwa na mawasiliano na viongozi. Viongozi wakasema wao ndio hawakupata mawasiliano naye. Kufika mwisho wa Januari 2020 chama kilimwondolea imani, naye akabaki na kiti, bila chama, hadi mwisho wa bunge. Wiki hiyo hiyo ya msukosuko alikuwa ametetea kurudishwa kwa vitu vya makumbusho kwenye nchi zilizotawaliwa na Ureno, na André Ventura wa Chega, chama cha mrengo mkali wa kulia, akajibu mtandaoni kwamba yeye ndiye arudishwe kwao. Livre ilikemea kauli hiyo. Lakini picha iliyobaki ni ya mwanamke aliyetukanwa na upande mmoja huku upande wake ukimfungia mlango, na sidhani Livre imewahi kulieleza jambo hilo vya kutosha kwa watu weusi wa Lisbon waliompigia kura.

Kuhusu kiti, chama hakikuwa na la kusema, na mwasisi wake ndiye aliyepaswa kuwa wa mwisho kulalamika. Sheria iliyomlinda yeye kwa Louçã ndiyo iliyomlinda Joacine kwake.

Tavares aligombea mwenyewe Januari 2022, akashinda kiti kimoja. Mbunge pekee wa chama kule alikuwa mtu wa dakika moja na nusu: wabunge wa vyama vya kiti kimoja walipopewa haki ya kumhoji Waziri Mkuu, ndio muda waliogawiwa. Ukikohoa, umepoteza swali. Tena chama cha Waziri Mkuu wa wakati huo, António Costa, kilikuwa na wingi wa kutosha kupitisha kila kitu peke yake, kwa hiyo kura ya Tavares haikuwa na bei sokoni. Alichofanya ni kuipeleka kwenye bajeti, mahali ambapo wengi huchoka kusoma. Akajizuia badala ya kupinga, na kwa kujizuia huko akapitisha vifungu. Kimojawapo kilikuwa majaribio ya wiki ya kazi ya siku nne bila kupunguziwa mshahara. Mwaka 2023 kampuni 41 ziliyafanya, kwa hiari na bila fedha za serikali. Kingine ni kuwawezesha waathirika wa ukatili wa nyumbani wanaolazimika kuacha kazi kupata mafao ya wasio na ajira. Kingine ni tiketi ya mwezi ya treni za mikoani kwa euro 49, iliyoanza Agosti 2023. Serikali iliyofuata ikaipokea, ikaishusha hadi euro 20, na bila shaka ikajipongeza. Kuibiwa wazo namna hiyo, ningekuwa yeye, ningewanunulia chai.

Sitaki asomeke kama mtakatifu. Livre bado inanuka Lisbon na chuo kikuu, na milango yake iliyo wazi hupitisha upepo: mwaka 2024 mchujo wa wagombea wa Ulaya ulimtanguliza Francisco Paupério, kijana asiyetarajiwa, na ghafla tume ya uchaguzi ya chama ikataka duru ya pili iwe ya wanachama peke yao. Uamuzi huo ulibatilishwa, Paupério akaongoza orodha, kiti kikakosekana. Unahubiri uwazi miaka kumi, mgeni anaingia, unashika kitasa.

Na kuna hesabu inayouma zaidi. Oktoba 2019 vyama vitatu viliingia bungeni kwa mara ya kwanza, kila kimoja na mbunge mmoja: Livre, Iniciativa Liberal na Chega. Mwaka 2024 Livre ilifika wabunge wanne, Mei 2025 ikafika sita. Chega, kwenye uchaguzi huo huo wa Mei, ilipata sitini. Siku nne za kazi na tiketi ya treni ni mambo mema, lakini hayajamzuia Ventura hata hatua moja.

Kufikia 2025 chama kilikuwa na wasemaji wawili, Tavares na Isabel Mendes Lopes, na hotuba za Tavares bado zilianzia karne ya 18 kabla ya kufika kwenye kodi ya nyumba. Usiku ule wa Mei 2025 mimi nilikuwa nikitafuta namba ya chama kingine. Bloco de Esquerda, iliyopata wabunge 16 mwaka 2009, mwaka ule ule ilipomchukua Tavares kwenye orodha yake, ilibakiwa na mmoja, Mariana Mortágua.